Ng'ombe wa Kitambaa Kwenye Buti la Gari

Ruwi,
Maskat, Oman.
Alhamisi, 23 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Shaikha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo shangazi yangu, somo yangu, mama yangu wa pili. Natumai barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba na sukari imeshuka. Ile dawa ya macho unaitia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Baba hajambo na kifua chake? Na yule paka wako mwenye kiburi, bado analala juu ya cherehani?

Sisi huku wazima, alhamdulillah. Baridi ya Maskat mwezi huu ni tamu kama ya asubuhi ya Idi. Nafungua madirisha yote, upepo unaingia na harufu ya mishkaki kutoka chini, maana nyumba yetu iko juu ya duka la simu na fundi cherehani, na mbele yake kuna Mhindi wa juisi ambaye sasa ananijua kwa jina. Nyumba ni ndogo lakini inanitosha. Mchana nikibaki peke yangu nazungumza jikoni na masufuria, na masufuria hayanijibu vibaya.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu haya hayafai simu. Wewe ukipokea simu unaweka sauti ya juu, na Kikwajuni nzima inakuwa shahidi. Nasr, mtoto wa jirani yangu Bi Noof, anasafiri Jumamosi kuja Unguja. Ndiye atakayekupa barua hii pamoja na halwa ya zafarani. Tafadhali halwa usimgaie mtu kabla hujamaliza kusoma.

Najua unangoja nini. Tangu siku ile niliyokupigia nikilia, umekaa na siri yangu kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa ajili ya mwenzake. Uliniambia nisimwambie baba mpaka nione kwa macho yangu, na kwamba ikiwa ni kweli, wewe mwenyewe utamwambia, na tiketi ya kunirudisha itakuja kabla ya Ramadhani. Basi nimekwenda, na nimeona.

Lakini kwanza nikuambie: nampenda. Nampenda mpaka najionea haya. Azzam akifika mlangoni huita jina langu kabla hajavua viatu, na moyo wangu hukimbia kama mtoto wa shule aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani. Alhamisi huniletea asumini kutoka kwa muuza maua aliye nyuma ya kituo cha mabasi, huzitunga mwenyewe, vibaya, zikamwagika zote kitandani. Wakati wa fungate alinimenyea machungwa yote mpaka vidole vyake vikanuka maganda. Nani aliwahi kumwona profesa akimenya machungwa kwa ajili ya msichana aliyeishia kidato cha nne? Ndiyo maana nilipoanza kushuku niliumia kuliko mwanamke aliyeozwa kwa nguvu. Huyo hana cha kupoteza.

Ilianzia kwenye buti la gari. Tulirudi sokoni, yeye akabeba mchele, mimi nikainama kutoa vitunguu. Nyuma ya tairi la akiba nikaona mfuko wa turubai. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na mwanasesere mwenye kiatu kimoja, ndoo ndogo nyekundu, vikombe vya plastiki, kitabu cha picha za wanyama, na ng'ombe wa kitambaa mwenye sikio lililotafunwa. Sikio lile, shangazi, lilitafunwa na meno madogo. Panya hatafuni vile.

Nikamuuliza, "Vya nani hivi?"

"Vya kazi."

"Kazi gani ya profesa inayotaka mwanasesere?"

Akacheka, akanibusu kipaji cha uso, akapanda ngazi na mchele wake. Mwanamme akikubusu badala ya kukujibu, ulinifundisha mwenyewe nini maana yake.

Kazi yake naijua kwa juu juu tu. Ni profesa wa isimu, yaani elimu ya lugha, na alikaa Ugiriki miaka minane akisomea jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kusema. Huko kuna visiwa ambavyo kila kimoja kina Kigiriki chake. Kisiwa alichokaa yeye kinaitwa Karpathos, na alinieleza wakati wa uchumba kwamba mtoto wa pale husema lugha ya bibi yake nyumbani, kisha akifika shule anakutana na Kigiriki cha mji mkuu, kama vile mtoto wa Makunduchi anavyosema Kikae kwao akija mjini akageuza. Nilikuwa namsikiliza nikitazama midomo yake. Laiti ningesikiliza maneno.

Basi, kila Jumanne baada ya alasiri alikuwa anarudi kutoka chuoni, anabadilisha kanzu, anajifukiza udi kidogo, anachukua ule mfuko na kuondoka. Ukimuuliza wapi, anasema, "Kwa watu." Watu gani? "Watu wa kazi, Khole. Ya nyumba za watu siwezi kuyatoa nje." Anarudi magharibi, na begani mwa kanzu kuna ndizi iliyopondwa. Kanzu nyeupe na ndizi! Niliinusa kwanza, kama ulivyonifunda, ndipo nikaifua.

Akisharudi anajifungia chumba cha vitabu, anavaa vile vya kusikilizia vinavyofunika masikio yote, na anatabasamu peke yake. Anarudisha nyuma, anasikiliza tena, anatabasamu tena. Siku moja nilimpelekea chai, waya ukachomoka kwenye kompyuta, na sauti ikamwagika chumbani. Mtoto alikuwa anacheka. Kisha mwanamke, sauti laini kama siagi, anasema Kigiriki. Kigiriki nakitambua hata kama sikijui, kwa sababu Azzam huzungumza kwa simu na mwalimu wake wa zamani aliye Thesaloniki. Mwanamke yule naye akacheka, na ndani ya kicheko chake nikamsikia mume wangu anacheka. Kicheko ambacho nilidhani ni changu peke yangu.

Aliuchomeka waya haraka haraka. Mimi nikasema chai itapoa, nikatoka. Nilikwenda jikoni nikashika ukingo wa sinki. Ndiyo siku niliyokupigia.

Aliyeniharibu kabisa ni wifi yangu Rawya, dada yake mdogo. Unamkumbuka, yule wa benki, aliyecheza mpaka kisigino kikakatika siku ya harusi. Nilimuuliza kwa mbali tu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, kwa nini kaka yake alifika miaka thelathini na minane bila ya kuoa.

Akasema, "Wifi, miaka minane Ugiriki. Unadhani alikuwa anakula zeituni tu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Aliponiona uso akageuza maneno: "Natania! Azzam huyu? Kuku akimfukuza anakimbia. Mke wa pili atampata kwa miguu ipi?" Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Usiku na mchana nikawa napiga hesabu zangu. Mwanamke wa Kigiriki. Mtoto. Jumanne. Ndizi. Na mama mkwe, Bi Ibtihal, kila nikimtaja Azzam na kazi yake anasema, "Mwache na kazi yake, mwanangu." Hata yeye nikamshuku kuwa anajua.

Ukaniambia neno moja ambalo nalishika mpaka leo: nenda na sahani mkononi, mwenye sahani hafungiwi mlango. Jumanne iliyofuata nikapika mkate wa kumimina, ukaiva vizuri kwa hasira. Rawya akaomba ruhusa kazini akaja na gari. Kavaa miwani nyeusi na barakoa, kama jasusi wa sinema za Kimisri.

"Wifi, tukimkuta na mtu mimi simjui," akasema.

"Ni kaka yako."

"Ndiyo maana simjui."

Kumfuata Azzam ni adhabu, shangazi. Anaendesha kama amebeba mayai. Ilibidi tusimame kwenye kituo cha petroli tusije tukampita. Alishika njia ya Bustan, kisha akakata kuingia milimani, njia inazunguka na kuzunguka kama ushungi uliofungwa vibaya, mpaka tukateremka Qantab. Ni kijiji kidogo cha wavuvi, mlima huku na bahari huku. Akasimama mwisho kabisa mwa nyumba, penye geti la kijani. Kwenye kamba palianikwa nguo za mtoto, na soksi mbili ndogo kama za mwanasesere.

Aligonga, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama uso umeelekea bahari. Nikajiuliza, mwenye nyumba gani huyu anayesimama mbali na mlango wake? Lakini geti likafunguka, na nyuma ya bibi mmoja wa buibui nikamwona mwanamke mweupe, mrefu, nywele zimefungwa kitambaa, amebeba mtoto wa kike. Mtoto akamnyooshea Azzam mikono. Mikono yote miwili.

Rawya aliacha utani. Akavua miwani. "Wifi, twende nyumbani."

"Siendi."

"Khole, wallahi twende. Tutayasema nyumbani."

Nikashuka na mkate wangu. Nilikuwa nimeyapanga yote ya kusema, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, na la mwisho kabisa lilikuwa hili: kwamba mimi ni binti wa Ishaq wa Kikwajuni na nina kwetu.

Yule bibi akafungua. Uso wa kizee, wanja machoni, harufu ya karafuu. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Khole," nikasema, na lililofuata nikalipaza ili lifike ndani. "Mke wa Azzam!"

Alinitazama mimi, akatazama sahani, kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Bi harusi! Nnamwambia huyu kila wiki, mlete bi harusi tumwone, yeye kimya kama samaki! Kumbe kaja mwenyewe, tena na mkate!" Na papo hapo, shangazi, akapiga vigelegele. Vile vya kwetu, virefu, vya kupasua ukuta. Hata wanawake wa nyumba ya pili wakachungulia.

Basi niliingia kwenye nyumba ya mke mwenza wangu kwa vigelegele. Umeona wapi?

Azzam alikuwa kakaa chini kwenye zulia, kofia imekwenda upande, yule ng'ombe yuko mkononi. Juu ya meza palikuwa na kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu. Aliponiona hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Alinitazama kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa, akapigwa kikumbo. Akainua kidole. Nyamazeni.

Nilikuwa tayari kulipuka. Lakini kila mtu mle ndani alinyamaza, hata bibi wa vigelegele, na wote walikuwa wanamtazama mtoto. Alijificha nyuma ya mama yake. Akatoa jicho moja. Kisha akapeleka kiganja mdomoni, akakipigapiga, akatoa sauti, akijaribu vigelegele. Vikatoka vibovu, vya mate. Hakuna aliyecheka wala aliyemhimiza. Akanijia mpaka kwenye sahani.

"Nipe na mimi," akaniambia kwa Kiswahili.

Nikamkatia. Ningefanya nini? Akamgeukia mama yake, akamwambia jambo refu kwa Kigiriki, kamwonyesha mkate. Kisha akakaa karibu na Azzam, akamsukumia ng'ombe kipande mdomoni, na ng'ombe alipokataa kula akamgombeza kwa Kiarabu, kidole juu, kama mwalimu wa katuni. Bibi alikuwa analia bila sauti, anajifuta na ncha ya buibui. Yule Mgiriki kaziba mdomo kwa mkono. Na mume wangu, ambaye hakulia siku ya ndoa yake, alikuwa anatazama dari.

Nikuambie ukweli? Hata hapo nilikuwa bado natazama pua. Nilimchunguza yule mtoto kila upande. Macho ya mama. Kidevu, sijui. Pua ya Azzam ni ndefu, ya huyu kama kitufe, lakini pua za watoto hubadilika. Ndipo nikaona ukutani picha ya mwanamme wa nguo za kazi na kofia ngumu, na masikio yake yamesimama wima kama vipini vya birika. Nikamtazama mtoto. Masikio yale yale! Nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu siku ya soko.

Bibi anaitwa Balqis, amezaliwa kwetu Unguja, Vuga, na anasema anakukumbuka wewe na mama yako, mlikuwa mkishona pamoja. Amenipa ruhusa kukuandikia haya, wewe tu. Mwanawe Ghassan ni mhandisi wa visima vya mafuta, wiki mbili jangwani na wiki mbili nyumbani. Alikwenda kusoma Athens, akaoa huko. Mkewe Irini ni mzaliwa wa kisiwa kile kile cha Karpathos. Mtoto wao Hajar alifika miaka mitatu bila ya kusema mbele ya mtu. Ukoo ukaanza maneno. Wapo waliosema ni husuda, wapo waliosema ni bubu, na wengi wakasema ni lugha ya mama yake iliyomfunga ulimi. Wakamwambia Irini aache kusema lugha yake na mwanawe. Akawa anamwimbia bafuni, maji yakiwa wazi, ili asisikike.

Hili lilinichoma, shangazi. Mimi niliyetoka Kikwajuni juzi tu, kama mtu angeniambia nisiseme Kiswahili na mwanangu, ningekufa.

Habari zikamfikia Azzam chuoni. Alikwenda kwa Bi Balqis akamwambia kwamba wako watoto wanaochelewa na wako wasiochelewa, wawe na lugha moja au tatu, lakini lugha ya mama si ugonjwa wa kukatwa. Akaomba aje kila wiki kusikiliza, mama aseme Kigiriki chake, bibi Kiswahili chake, na asiwepo wa kumwambia mtoto sema hiki, sema kile. Naye akaahidi kwamba jina la mtoto halitatoka kinywani mwake, hata kwa mkewe, mpaka ukoo uache kumsema. Na kwa kuwa mwenye nyumba yuko jangwani, Azzam haingii mpaka Bi Balqis afungue mwenyewe. Ndiyo maana ya kusimama mbali na mlango. Mimi nilidhani ni ujanja.

Siku ile ndiyo ya mwanzo Hajar kusema na mgeni. Mgeni aliyekuja kuvunja nyumba.

Rawya alirudi peke yake na miwani yake. Mimi nikapanda gari la Azzam, na milima yote ile tuliipita kwa mwendo wake wa mayai. Nilijua ananiwekea maneno. Tulipofika Bustan akasimamisha gari pembeni, akasema, "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza."

Akashusha mikono kutoka kwenye usukani. Kisha akasema, "Kweli. Uliniuliza, nami nikakubusu." Huyo ndiye mume wangu. Ugomvi niliokuwa nimeufunga mkandani ukakosa pa kwenda.

Akawa ananieleza kazi, na safari hii nikasikiliza maneno. Akasema, "Umemsikia Irini anavyosema na Hajar? Sauti inapanda, maneno yanavutwa, jambo moja linasemwa mara tatu. Mabibi wa Karpathos hufanya hivyo hivyo. Bi Balqis hivyo hivyo. Hata lugha usiijue, ukisikia sauti ile nyuma ya ukuta, unajua mle ndani mna mtoto." Nikaegemeza kichwa begani kwake, penye ndizi.

Ungedhani yameisha. Mimi pia nilidhani. Lakini moyo ukishajifunza kushuku, kama paka aliyeonja samaki, haukai tena mbali na meza.

Ng'ombe wa sikio lililotafunwa alibaki Qantab. Hajar alikataa kumwachia, Azzam akampa awe wake. Jumapili iliyofuata nafungua buti kutafuta mwavuli wa jua, namkuta ng'ombe mwingine. Mpya. Masikio yote mazima, karatasi ya duka inaning'inia mkiani. Hakuwa ndani ya ule mfuko wa kazi. Alikuwa peke yake, amefichwa chini ya mkeka.

Nikasema, haya. Hajar anaye wake. Huyu wa nani? Kuna nyumba nyingine? Kuna Jumanne nyingine ambayo si Jumanne?

Na yeye mwenyewe akabadilika. Nikiwa jikoni nageuka, namkuta kwenye ujia, kasimama tu.

"Unatafuta nini?"

"Miwani yangu."

Miwani iko puani.

Siku nyingine nasikia chumba cha vitabu kimya, mlango wazi, na vile vya kusikilizia vimelala mezani. Profesa asiyesikiliza mashine anasikiliza nini? Nikajua ananichunguza mimi. Nilimfuata mpaka Qantab, sasa ananilipa. Nikafikiri labda amekiweka kile kinasa sauti jikoni. Nikakitafuta mpaka ndani ya mtungi wa sukari. Sikukiona. Nikamshuku zaidi.

Jana mchana nilichoka. Nilipakua wali na samaki wa kupaka, nikamteremkia ng'ombe garini, nikamweka katikati ya meza, kati ya sahani yake na yangu. Azzam akatoka kunawa mikono, akasimama.

"Huyu wa nani?" nikamuuliza. "Na usinibusu."

Alimtazama ng'ombe. Akanitazama mimi. Masikio yakamwiva.

"Wa yule unayezungumza naye jikoni."

"Nazungumza na masufuria."

"Masufuria huyaambii kitu mara tatu, Khole," akasema taratibu. "Tena kwa sauti ile."

Shangazi, nilikaa chini bila ya kutafuta kiti, bahati kilikuwepo.

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wewe, na nisamehe, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba la tumboni halitajwi mpaka litulie, hata mumeo asijue, kwa kuogopa jicho. Nilikuwa nalificha tangu mwanzo wa mwezi. Nilimwaga kahawa kwenye sinki akigeuka. Niliilaumu samli kwa kichefuchefu. Kumbe kinywa changu kilikuwa kinanisaliti kila siku kati ya jiko na friji, ninamwambia huyu mgeni leo tunapika nini, tunapika nini leo, eh, tunapika nini, na nyuma ya ukuta kuna mwanamme aliyetumia nusu ya umri wake kuisoma sauti hiyo tu.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Nilijua Bi Shaikha atakuwa kakukataza kusema. Nikaona nisikutie dhambini. Nikanyamaza, nikanunua ng'ombe."

Tulilia wote wawili. Samaki akapoa, na hakuna aliyemla.

Basi ndiyo hayo. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini nimetanguliwa na mtu mwenye masikio. Nimemwekea sharti moja: mtoto wetu hatanaswa sauti kwenye mashine yoyote. Amekubali haraka mno, kwa hivyo kila jioni nampekua mifuko ya kanzu, na yeye anainua mikono juu kama mtu wa uwanja wa ndege, anacheka. Kicheko kile ni changu, shangazi. Nimekihakikisha.

Tiketi yangu usimwambie baba. Kama lazima ikatwe tiketi, ikatwe yako, uje mwezi wa nane na mafuta yako ya kukanda na nyimbo zako za kubembeleza. Huku kuna Kiarabu cha kutosha na Kigiriki cha kutosha. Kiswahili cha Kikwajuni ni wewe wa kukileta.

Nisalimie sana baba, mwambie namwombea kifua, na mengine mwambie wewe kwa ulimi wako ukiona tumbo limetulia. Msalimie kaka Sami na wifi Raghad, na watoto wao wote mmoja mmoja ili wasigombane. Bi Balqis anakusalimu na anauliza kama bado unashona kwa mkono wa kushoto. Rawya anakusalimu pia. Anasema yeye hakuwepo Qantab na hajui lolote. Azzam anakubusu mkono, na anasema asante kwa somo lako la sahani, ila lile la kunusa kanzu angeomba ulifute.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, akulinde mchana na usiku, akufikishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yako mwenyewe, na akujaalie umpokee huyu mgeni kwa mikono ile ile iliyonilea mimi. Amin.

Wako akupendaye, mwari wako asiyemaliza kufundwa,

Khole binti Ishaq